Cheti cha Mtu Aliyezama

Jumanne, 10 Mei 2011

Sijawahi kumwambia mtu hili. Nikiwa peke yangu kwenye stoo ya kumbukumbu, chini ya ukumbi wa shule, huwa naita majina. Nafungua daftari la mahudhurio la zamani na kusoma kwa sauti kama mwalimu. Baada ya kila jina naacha nafasi kidogo. Wengi wao wameshakufa. Darasani siwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni — kule chini sauti inatoka.

Leo kuna aliyeitika.

Bi Bakke, katibu wa shule ninayemsaidia kazi za ofisi, alinituma nikatafute daftari la 1950. Mwaka huu shule itawapa vyeti vya kuhitimu wazee watatu walioacha masomo wakaenda vitani Korea. Lazima tuhakikishe kweli walisoma hapa. Nilikuwa nimefika herufi H. "Haugen, Lloyd."

"Nipo," ikasema sauti nyuma yangu.

Nilipiga ukelele! Mzee mrefu, kofia ya askari wa zamani mkononi, kasimama mlangoni. Yeye mwenyewe alirudi hatua moja nyuma. Samahani binti, akasema, nimepotea, natafuta ofisi. Amekuja kujaza fomu ya cheti. Anaitwa Vernon Haugen.

Vernon. Si Lloyd.

Jumatano, 11 Mei

Nimerudi kwenye daftari. Walikuwa ndugu wawili. Vernon, mwaka wa mwisho, umri 19 (kazi za shamba zilimchelewesha). Lloyd, mwaka wa tatu, umri 16. Jina la Lloyd limepigwa mstari kwa wino mwekundu, 20 Novemba: "Amezama ziwani." Wiki moja baadaye, mbele ya jina la Vernon: "Ameitwa jeshini."

Kwa hiyo mzee aliitikia jina la mdogo wake marehemu. Nimemwambia Bi Bakke. Kasema wazee huitikia chochote, baba yake huitika hata akiitwa mbwa. Nimecheka. Lakini yule aliitika haraka mno. Bila kufikiri.

Jumatatu, 16 Mei

Vyeti vya wanafunzi vilichapwa zamani. Vya wazee vimekuja vitupu, penye jina pana mstari tu. Bi Bakke kanipa kalamu ya wino. "Wewe ndiye mwenye mwandiko. Nikiandika mimi watadhani daktari kaandika dawa ya kikohozi." Nimefurahi hadi masikio yakawaka.

Mke wa Mzee Haugen, Mama Arlys, alipita kutuletea keki ya malimau. Mcheshi kweli! Kasema ameishi miaka hamsini na mitano na mtu asiyewahi kushinda hata soseji kwenye bahati nasibu ya klabu, na sasa anashinda cheti. Ameshaalika kila mtu, mpaka wajukuu walioko mjini Fargo. Mzee alibaki kwenye gari, injini inanguruma. Muda wote alikuwa akinitazama kupitia kioo.

Jumamosi, 21 Mei

Asubuhi, vijana wa kanisa tulikwenda kuchomeka bendera makaburini kwa ajili ya Siku ya Kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa. Sharti ni moja: kaburi la askari tu. Mimi nilipewa orodha na safu ya mwisho, karibu na misonobari.

LLOYD HAUGEN 1934–1950. Hayumo kwenye orodha. Bila shaka — mtoto aliyezama. Ila bendera ilikuwepo. Mpya, kitambaa bado kina mikunjo ya boksi. Umande ulikuwa mzima kwenye nyasi. Hapakuwa na nyayo ila zangu.

"Kila mwaka naikuta," mtu akasema. "Kila mwaka naing'oa. Nilidhani ni ninyi."

Mzee Haugen, na mkasi wa nyasi. Nikamwambia si sisi. Akaitazama ile bendera. Safari hii hakuing'oa.

Halafu akanieleza. Nayaandika kabla sijajishawishi kwamba sikuyasikia.

Barafu ya ziwa ilikuwa bado nyembamba. Walikwenda kutazama mitego yao, Vernon mbele, yeye nyuma. Ikapasuka, Vernon akazama. Yeye alijiburuta kwa tumbo mpaka ukingoni, akakimbia nyumbani, nguo zinaganda kwa baridi kama ubao. Mama yake alikuwa jikoni. Alimtazama. Akamtazama tena. Akasema, "Vernon, kaa ule."

Baba akainamisha uso kwenye sahani.

"Nikala," Mzee akasema. "Nilidhani kesho yake ataniita jina langu." Mama yake hakuliita tena mpaka akafa.

Shule hakuweza kurudi, wangemjua. Barua ya jeshi ya Vernon ikaja wiki ileile, akaenda nayo. Kaka yake alitolewa ziwani barafu ilipoyeyuka, akazikwa kwa jina la Lloyd, yeye akiwa kambini. Aliporudi baada ya miaka mitatu alikuwa amekonda, ana ndevu, na hakuna aliyeuliza. Kwenye karatasi ana miaka themanini. "Keki ya themanini niliila nikiwa na sabini na saba," akasema, akacheka kidogo. Mimi sikuweza. Tulikuwa tumesimama juu ya jina lake.

Kisha akaomba. "Cheti cha Vernon sikitaki. Yule ndiye alikuwa na akili, alibakiza miezi sita tu amalize. Nimemchukulia kila kitu, hicho siwezi. Niandikie Lloyd, binti. Nitakitia kotini, Arlys hatakiona."

Nikauliza, kwani Mama Arlys hajui?

"Arlys amezaa watoto wanne na Vernon."

Jumatatu, 23 Mei

Nikiandika Vernon, ni uongo na kila mtu atafurahi. Nikiandika Lloyd, ni kweli — na daftari letu wenyewe linasema amekufa. Mkuu wa shule atasema tumempa cheti maiti. Na Mama Arlys? Ile keki!

Nimejaribu majina yote mawili kwenye karatasi chakavu. La Vernon limekwaruza, nibu ikanasa mara tatu. La Lloyd limetoka lenyewe, jepesi, L ina kitanzi kikubwa juu. Mimi siandiki L yenye kitanzi. Sijawahi.

Nimeichana ile karatasi vipande vidogo.

Alhamisi, 26 Mei

Nimeandika. Lloyd Haugen. Polepole, kwa mkono wangu, bila kitanzi.

Nimekiviringisha, nikafunga utepe wa buluu. Bi Bakke hakukifungua. Kaniambia nimepauka, ninywe maji. Kesho saa nane mchana mkuu atasoma Vernon kwenye orodha yake, Mzee atapokea, atakitia kotini. Basi. Hakuna zaidi.

Ijumaa, 27 Mei

Naandika nimekaa sakafuni nje ya ofisi, mgongo kwenye mlango. 

Saa saba na nusu Bi Bakke alikuwa ukumbini anapanga viti. Niko peke yangu na vile vyeti vitatu. Akaingia Mama Arlys kakumbatia fremu, kioo kinameta. Anataka kukitia humo sasa hivi, kabla ya sherehe, apigwe nacho picha. "Nikimwachia huyu atakikunja kama gazeti!"

Mzee alikuwa nyuma yake, suti, kofia ya askari. "Arlys, tutafanya nyumbani."

"Nyumbani kitalala kwenye droo na medali zako. Nakujua wewe!" Akaninyooshea mkono. "Lete, mpenzi."

Mzee akanitazama.   Ningeweza kusema viko kwa mkuu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mdogo, mtamu.

Nikakichukua cheti. Sikumpa Mama Arlys. Nilikiweka kwenye kiganja cha Mzee.

Alikishika tu. Mama Arlys akasema haya bwana, unangoja bendi? Mzee akavuta kiti. "Arlys. Kaa kwanza."

"Nitakunja gauni."

"Kaa, mama."

Nilitoka, nikafunga mlango, nikakaa hapa.

 Ikaja sauti ya Mzee, chini, ndefu, maneno siyashiki. Mama Arlys alicheka mara moja, kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Halafu hakucheka tena. Sasa maneno yameisha. Kuna mtu anapumua karibu sana na mlango, upande wa ndani, chini, usawa wa kichwa changu, kama aliyengoja zamu yake tangu 1950. Lakini viti vya Mzee na Mama Arlys navisikia vikilia kule mbali, dirishani.

Sijasogea.

Bendi imeanza. Mkuu wa shule amekuja mbio na orodha yake, jasho shingoni. Haugen yuko wapi, apange foleni!

Nimemwambia bado.

Akasema bado nini?

Nikasema bado. Nikakaza mgongo mlangoni. Amesimama juu yangu, na mimi naandika.