Picha za Mirihi Kizuizini Kabuga

Kigali, 1993

Dada Mwanahawa, shikamoo. Nimefika, ila nimechoka hata kalamu naiona nzito. Mvua haikatiki.

Unazikumbuka zile picha za sayari ya Mirihi, ambazo sisi wanajiolojia tunazichunguza ili tuchague mahali pa kutua chombo kisicho na mtu? Jana, kwenye kizuizi cha barabarani cha Kabuga, karibu na Kigali, askari alizitoa mkobani mwangu, nilikozipakia ili nije kufundishia huku. Vita havijaisha huku, na picha zilizopigwa kutoka angani zinatia shaka.

"Hii ramani iko ya wapi?"

"Si ya duniani, afande. Ni ya Mirihi."

Hakucheka. Alinikalisha kwenye tope masaa matatu, akizikagua moja moja, akitafuta barabara na nyumba. Nilieleza mpaka sauti ikakauka: tunatafuta uwanda usio na mawe makubwa, chombo kisije kikapinduka. Mwishowe akachuchumaa karibu yangu.

"Watu iko wapi?"

"Hakuna."

"Hata askari hakuna?"

"Hata mmoja."

Akaiinamia picha aliyoishika. Kisha akazifuta zote matone ya mvua kwa mkono wa shati lake, akazipanga, akanirudishia. "Pita, mwalimu."

Leo nimeshinda kitandani kwa mwenyeji wangu, fundi cherehani wa mtaa wa Gitega hapa Kigali. Mkewe kaniletea chai ya maziwa yenye tangawizi, lakini imepoa sijainywa.

Wabusu wanao. Mama asiione kadi hii. Mwambie tu ninakula vizuri.

Mdogo wako, Salimu