Siku Wifi Yako Alipokataa Kusema Salama

Bonde la Ulaan-Ereg,
Arkhangai, Mongolia.
9 Aprili 2010.

Mpendwa mdogo wangu Yanjmaa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Hujambo huko Busan? Mwili una nguvu? Kiwandani hawakuchoshi kupita kiasi? Sisi tungali hai, chai ipo, na samadi kavu ya kuwashia moto itatufikisha mpaka nyasi ziote.

Kabla ya yote nakutaka radhi. Barua yangu ya Januari ilisema mifugo imenona na baridi tunaipita salama. Nilikuongopea, dada. Siku ile ninaandika, kondoo kumi na saba walikuwa wamelala nyuma ya hema, wamekauka kama magogo. Lakini unatujua. Ukimuuliza mtu wa bonde hili hali ya mifugo yake, atakwambia salama hata kama amebakiwa na kengele tu mkononi. Ndivyo tulivyolelewa: neno baya huita baya.

Mvua ilinyesha katikati ya Januari. Mvua, Yanjmaa, mwezi wa Januari. Theluji ikalowa, kesho yake baridi ikarudi, na bonde zima likawa kioo. Kondoo walikwaruza mpaka kwato zikatoka damu. Nyasi wanaziona chini ya barafu, kuzifikia hawawezi. Tulikuwa na kondoo na mbuzi mia tatu na arobaini. Wakiisha wote, unajua tunakwenda wapi: pembezoni mwa mji mkuu, kama binamu yetu Choidog, anayelinda geti la watu na kunywa mpaka asahau jina la baba yake. Hilo ndilo nililoliogopa, na sikulisema hata kwa mke wangu.

Mzee Luvsan, ambaye bonde zima humsikiliza, alisema tukae, tungoje lori la majani makavu kutoka wilayani, basi tukakaa. Amevuka majira yanayoua mifugo mara nyingi kuliko meno aliyobakiwa nayo, na siku zote dawa ni moja: unajibana upande wa jua, mlima ukukinge upepo, unangoja. Wifi yako Densmaa peke yake ndiye hakutulia. Kila asubuhi alichukua fimbo akapotea mpaka mchana. Nilidhani anakwenda kulia mbali nami, nikamwacha.

Ikafika sikukuu ya Mwezi Mweupe. Nyumba zote saba tukavaa vizuri, tukaenda kwa mzee Luvsan kuuanza mwaka. Siku ile, kama ujuavyo, hata kukohoa kwa huzuni ni mwiko. Tukashika viwiko vya wazee kuwaamkia, chupa za ugoro zikazunguka, na swali nalo likazunguka. "Mmepita baridi salama?" "Salama." "Mifugo imenona?" "Imenona." Wanaume watano walijibu imenona, na mimi njiani nilikuwa nimepita mizoga ya kila mmoja wao. Zamu ya Densmaa ikafika.

"Hapana, mzee," akasema. "Hatuko salama. Wamekufa sitini na mmoja, na wiki hii watakufa wengine."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akaweka bakuli lake chini polepole. "Choijil, mkeo anatutia nuksi siku ya mwaka mpya. Mnyamazishe."

"Mzee, miaka thelathini nimejaribu," nikamjibu. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Hapo Nyamsuren, yule mjane wa upande wa mto, akaanza kulia. Akasema amebakiwa na arobaini tu, na alidhani ni yeye peke yake aliyeshindwa. Kisha akafuata Bazar, jirani yetu, kisha mwingine. Na hapo ndipo lilipotoka kubwa kuliko yote. Wilaya walikuwa wamempigia simu mzee Luvsan mara mbili kuuliza hali ya bonde, na mara mbili zote alijibu salama. Mwezi mzima tulikuwa tunangoja lori ambalo hakuna aliyeliomba.

Densmaa hakumlaumu mtu. Aliingiza mkono kwenye mkono wa joho lake, akatoa kifungu cha nyasi kavu, akakiweka mezani kando ya nyama ya sikukuu. Akasema amezichimba juu mlimani, upande wa kivuli. Kule jua halifiki, mvua ilishuka ikiwa theluji, na theluji ile haijayeyuka hata mara moja, kwa hiyo haijawa barafu. Ni laini, inafika magotini. Farasi wetu majike wako huko tangu wiki iliyopita, wanachimba na kula bila kuchungwa.

Watu wakacheka. "Mama Ganzorig," akasema Bazar, "wewe ukiungua utakimbilia jikoni?"

"Cheka, Bazar, lakini panda farasi uende wilayani ukaseme ukweli," akamwambia. "Sisi wengine tutangulize farasi wavunje njia, kondoo wafuate nyuma wale kinachobaki." Akanyoosha mkono kuonyesha mlima, tukaona ncha za vidole vyake zimekuwa nyeusi kwa baridi. Ndipo nilipojua asubuhi zote zile alikuwa wapi. Niliona haya, Yanjmaa, na mpaka leo ninayo.

Bazar akashika njia ya wilayani, na nyumba nne tukapanda mlimani. Mzee Luvsan akabaki na wengine.

Nimechunga miaka arobaini na miwili, sijaona kitu kama kile. Farasi mbele wakipiga theluji kwa kwato, kondoo nyuma yao wameinamisha vichwa, wanakula. Wanakula, dada. Baridi ile inagandisha mate kabla hayajafika chini, na mimi nikavua kofia, nikasimama tu natazama kama mtu aliye hekaluni. Densmaa anapita katikati yao akiwatukana kama kawaida yake.

Siku ya tisa akatokea mzee Luvsan, nyuma yake farasi thelathini. "Nimekuja kuona kama mmeshakufa."

"Bado," Densmaa akasema. "Ukituachia hao farasi tutachelewa zaidi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake, mbele ya wote, mtu wa miaka themanini na moja akamuuliza mke wangu: "Mama Ganzorig, leo twende wapi?"

Lori lilifika siku ya kumi na tatu. Mwisho wa Machi tukashuka na mifugo mia mbili na kumi na mbili. Tumebaki wachungaji. Nilimuuliza Densmaa alijuaje. "Sikujua," akasema. "Niliogopa kama wewe. Nilikwenda tu kuangalia."

Sasa linalokuhusu wewe. Juzi nilimsomea Densmaa barua yako ya mwisho. Akasema mtu aliye salama haandiki salama mara tano katika ukurasa mmoja. Yanjmaa, pale juu nimekuuliza kwa desturi. Hapa nakuuliza kweli. Kama hali ni mbaya, andika ni mbaya. Nauli tutaipata, kitanda chako kipo upande wa mashariki wa hema, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umerudi.

Mwanetu Ganzorig na mkewe wanakusalimu, Nyamsuren pia, na mzee Luvsan anasema wilaya wakipiga simu siku hizi anampa Densmaa aongee. Mbingu ya Buluu ikufunike popote ulipo, na njia yako iwe nyeupe.

Ni mimi kaka yako akupendaye, na safari hii asiyekuongopea,

Choijil