Gauni la Mteja Kanisani

Shoga, nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Lile gauni la mteja nililomaliza kushona jana, leo nimelivaa kanisani. Bosi akijua, kazi sina.

Mchungaji akanguruma: "Uliyevaa kisichokufaa, kivue leo ungali hai!" Kumbe anamaanisha dhambi. Mimi huyo nikasimama: "Nisamehe, Bwana, nitalirudisha limefuliwa na kupigwa pasi!"

KUPIGWA PASI, shoga! Kanisa zima likanigeukia.

Nyuma yangu sauti ikajibu, "Amina, na kiuno ukipunguze." Mwenye gauni!

Baada ya ibada akanionyesha simu. Alishamwandikia bosi kila kitu, bado kutuma tu. Akaufuta ule ujumbe mbele yangu.

"Umewahi kutubu, mwanangu."

Nimewahi, shoga! Nimewahi!