Kaa Mwenye Mayai

Shangazi Remei mpendwa,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Baba. Kaa wa kwanza wa buluu kuonekana hapa kwetu nilimshika mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilimkuta kwenye wavu wetu wa kuvulia mikunga, nikamchora daftarini: gamba pana lenye mwiba mrefu kila upande, magando ya buluu yenye ncha nyekundu, miguu ya nyuma bapa kama makasia. Nikafungua kitabu cha Kikatalani, kisha cha Kihispania. Vyote vilisema kwao ni ng'ambo ya Atlantiki. Lakini tumboni alibeba mayai ya rangi ya chungwa, na Baba alinifundisha tangu utotoni kwamba jike mwenye mayai hurudishwa majini. Nikamrudisha. Nikamwambia, "Nenda, mama."

Sasa kaa hao wamezaana kila mahali, na wanawamaliza kome tunaowafuga kwenye kamba. Jana Baba aliinua kamba tupu akaniuliza, "Roser, hivi hawa wajomba wamealikwa na nani?"

"Labda wamekuja kukuposea, Baba."

Akacheka. Mimi nikaenda kujifungia chooni nikalia. Mwezi ujao anang'oa kamba zote, anaacha kufuga.

Barua hii nimeificha mara nne chini ya daftari. Sasa nasikia mabuti yake kwenye ngazi, na mkono wangu unataka kuifunika tena. Siifuniki. Ikikufikia ina mwandiko wa pili hapa chini, ujue ni wake.

Akupendaye,
Roser