Bia ya Kaka

Jumapili, Kasongo.

Ni chungu, lakini nzuri. Inanukia embe na ganda la chungwa, na rangi yake imevurugika kama mto Lualaba wakati wa mvua. Kaka alieleza kwamba huko Ulaya ndivyo wanavyoipenda.

Lakini alimmiminia baba mdogo kabla ya kuionja yeye. Amesahau kwamba mwenye kuleta kinywaji hunywa wa kwanza, watu waone hakina sumu.

“Unataka unitume kwa marehemu baba yako?” baba mdogo aliuliza. “Kunywa wewe kwanza.”

Kaka alikasirika, akakataa. Nikachukua glasi, nikaimaliza mbele yao.

“Huyu naye! Walishapanga pamoja, ameshakunywa dawa ya kuzuia sumu,” shangazi alisema.



Kaka anarudi Ulaya kesho. Mimi ninabaki nao.