Kisima Kinachopumzika

Kibondo, 8 Julai 2024

Kwa binti yangu Esteri,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo asubuhi, baada ya kikao cha mtu mmoja kilichohudhuriwa na wajumbe wote, kisima chetu kimepata kufuli. Funguo ziko mbili. Mmoja ninao shingoni, wa pili umeshapotea.

Amahoro, mwanangu. Hujambo huko Kasulu? Cherehani haijambo? Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo nalo siku hizi linaishi maisha yake. Nakuandikia kwa sababu simu naiogopa. Nikiongea kwenye simu, hadi Kakonko wanasikia, na haya mambo si ya Kakonko. Khamisi kondakta atakuletea barua, na maharage kidogo.

Kisima ni kama wachimbaji walivyosema. Kinatoa ndoo nne kwa nusu saa, halafu kile kisanduku cha ukutani alichofunga fundi wako kinakata umeme, na tunakaa saa mbili tukingoja maji yajikusanye. Venanti jirani yangu amekipa jina. Anakiita Mzee wa Mlimani, eti kila hatua kumi lazima kikae chini. Jana baada ya misa katekista alikuja kunawa mikono. Akajipaka sabuni hadi kwenye viwiko, maji yakakata. Alikaa kwangu na mapovu yake, Esteri, tukiongea habari za mahindi. Mwanahawa, yule jirani mjane, ndiye aliyemletea maji ya kusuuza, tena kutoka mtoni.

Sikujua kwamba mtu anaweza kumiliki kisima halafu akaletewa maji na mjane.

Mimi baba yako,
Nduwayezu

Kasulu, 15 Julai 2024

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, cherehani pia. Maharage yamefika, Khamisi amekula nauli yake humohumo, lakini yaliyobaki ni mazuri.

Baba, kile kisanduku usikiguse. Nimemuuliza tena fundi mwenyewe, Wilondja. Anasema ndani ya kisima kuna kipimo. Maji yakishuka chini yake, kisanduku kinaambiwa, kinakata umeme. Bila hivyo pampu itavuta upepo na kuungua. Mwache Venanti acheke. Mweleze katekista apake sabuni kidogo.

Nimefurahi kumpatia huyu Mkongomani kazi. Kibali cha kutoka kambini Nyarugusu anakipata akiwa na mtu anayemwita kazini, na sasa anao watatu kupitia kwangu: mwenye gesti, mama wa kiwanda cha mkate, na parokia. Mke wake, Nsimire, alikuja kunishukuru hadi nikaona haya.

Binti yako,
Esteri

Kibondo, 1 Agosti 2024

Mwanangu Esteri,

Salamu kwanza, habari mbaya baadaye. Hujambo? Goti limepoa.

Jumapili ilikuwa kipaimara cha Moses, mjukuu wa Venanti, na kwa kuwa kwao hakuna bomba, wageni walinawia kwangu. Nakwambia maji yalitoka tangu saa nne hadi saa saba, mwishoni yakikohoa, bila kukata hata mara moja. Watu walijaza masufuria. Katekista alipaka sabuni bila woga. Venanti mwenyewe alisimama pale bombani, mikono nyuma, bila neno.

Saa saba na robo pampu ikalia kama mbuzi, ikanyamaza. Haijaamka mpaka leo.

Fundi wako ametuuzia pampu mbovu. Nimewaambia hivyo watu wote waliokuwepo, na waliochelewa nimewaambia Jumatatu. Na wewe ukimwona mwambie.

Baba yako,
Nduwayezu

Kasulu, 9 Agosti 2024

Shikamoo Baba. Natumaini mko salama.

Nimemwambia. Nilimwambia barazani kwangu, mbele ya kina mama waliokuja kupima nguo, na sauti yangu unaijua ilikotoka. Nilimwita mwizi. Wilondja hakubisha. Aliomba tu aone kile kisanduku.

Kina mama wakabeba habari nyumbani. Kabla jua halijazama mwenye gesti alikuwa ameshaahirisha kazi. Kesho yake parokia, kisha mama wa mkate.

Nitumie pampu pamoja na kisanduku, Baba, tuonyeshe ubovu wake watu wauone. Mpe Khamisi.

Esteri, binti yako

Kibondo, 21 Agosti 2024

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Pampu hiyo hapo kwenye gunia la chumvi. Kisanduku kimesahaulika. Kimefungwa ukutani kwa misumari mirefu, na nyundo nimemwazima mtu.

Jua ni kali. Watu wanakuja kuchota kama kawaida, lile tangi dogo la bombani bado lina maji.

Baba yako

Kasulu, 29 Agosti 2024

Shikamoo Baba.

Wilondja sikuthubutu kumwita, kwa hiyo pampu amefungua fundi mwingine, Gharibu. Ndani imeungua hadi imekuwa nyeusi. Anasema ilikuwa inavuta upepo, tena kwa muda mrefu, na kwamba kisanduku kizima kisingeruhusu.

Na tangini mna maji kutoka wapi, wakati pampu iko mezani kwangu?

Nsimire alikuja jana na sare ya mtoto, nimpandishie pindo. Fedha aliziweka mezani kwanza, zote. Nilishona pindo lile mara mbili, la kwanza lilikwenda upande.

Baba, kisanduku.

Esteri

Kibondo, 27 Septemba 2024

Kwa binti yangu Esteri,

Sikuulizi hali, maana hali yako nimeiharibu mimi.

Kisanduku hicho. Kifungue. Utaona nyaya mbili za kipimo zimeunganishwa na kuviringishwa mpira wa baiskeli. Mpira ule unaujua. Viatu vyako vya shule viliviringishwa nao, na mpini wa jembe la mama yako mpaka alipofariki. Nilizifunga Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara, ili kisanduku kiamini kwamba maji yapo siku zote. Nilitaka siku moja tu, Venanti anyamaze.

Kwa muda wa mwezi mzima nimeuangalia mpira ule. Ningeweza kuutoa, nikazirudisha nyaya mahali pake, nikakutumia kisanduku kisafi. Mara mbili nimeshika kisu. Hiyo nakwambia ujue mimi ni mtu wa namna gani.

Maji ya tangini nayatoa mtoni. Kila alfajiri, baiskeli na madumu manne, kabla Mwanahawa hajaamka, namimina tangini kusudi akifungua bomba asikute pakavu. Nimekuwa pampu, Esteri, na mimi sina kisanduku cha kunikata. Goti limevimba.

Wiki iliyopita waliniita kwenye shauri la mbuzi. Unajua hapa wananiita mushingantahe, mtu wa kuketi na kuamua nani kasema kweli. Wawili walisimama mbele yangu, mmoja akidanganya. Nilimjua mara moja, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nikatazama vyangu. Nikasema nina homa, nikaondoka, na shauri la mbuzi bado liko wazi.

Niambie nifanye nini. Ukisema nije Kasulu nitakuja.

Baba yako,
Nduwayezu

Kasulu, 4 Oktoba 2024

Shikamoo Baba.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Wewe ulidanganya. Mimi nilimwita mtu mwizi kabla sijaona kitu, kwa sababu ni mkimbizi, na neno lilikuwa rahisi kutoka. Nasi tulikuja nchi hii na mabegi kichwani, Baba. Wewe ndiye ulinisimulia.

Kina mama nimewaita tena barazani nikawaambia, kisanduku kikiwa mezani. Parokia na mama wa mkate wamemwita upya. Mwenye gesti ameshachukua fundi mwingine, hataki kusikia.

Kisha nikaenda kwa Wilondja na kisanduku. Nilimwomba msamaha. Akafungua, akaupapasa ule mpira kwa kidole, muda mrefu. Akasema: "Muzee anafunga fil propre sana."

Yaani nyaya umezifunga safi. Hilo tu. Nilitamani anitukane.

Usije Kasulu. Ulidanganya bombani, ukaseme hukohuko, mbele ya walewale, fundi akiwa amesimama pale. Amekubali kuja Jumamosi tarehe 19 kufunga pampu nyingine, ndogo. Nimemwomba, nikambembeleza. Kusanya watu.

Esteri

Kibondo, 21 Oktoba 2024

Mwanangu Esteri,

Hujambo? Mimi nipo.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaalika, wote wakaitikia. Niliandaa benchi tatu na kibuyu cha pombe ya ndizi, maana kwetu anayeomba radhi huonja kwanza kisha humpa aliyemkosea. Maneno niliyaandika, nikayasoma mbele ya mbuzi mara nne.

Wilondja alifika saa tatu, ameloa. Watu hawakuja. Ni msimu wa kupanda, ardhi imelainika, nani aache jembe asikilize mzee. Akatokea Venanti peke yake, kuazima kamba.

Nikamshika mkono asiondoke. Karatasi sikuitoa. Nikasema: "Nyaya niliunganisha mimi. Pampu niliiunguza mimi. Huyu nimemsingizia."

Venanti alinitazama, akamtazama fundi, akaniuliza nimemsingizia nini. Nikamkumbusha nilichowaambia siku ya kipaimara. Akasema hakumbuki, yeye alidhani ni umeme tu. Akachukua kamba, akaenda zake.

Watu wangu hata hawakuubeba ule uongo, Esteri. Ni wewe niliyekutwika.

Nilionja, nikampa Wilondja kibuyu. Alikishika akakaa nacho, nikadhani atakiweka chini. Akanywa funda moja, akanirudishia, akaanza kazi. Nilimshikia tochi akiwa ameinama kisimani. Kipimo amekishusha mwenyewe, nyaya amefunga kwa utepe wake, mfuniko wa kisanduku amekaza kwa skrubu sita. Cha zamani kilikuwa na mbili. Wali ulikuwa tayari, nikamkaribisha. Alisema basi litamwacha. Basi lilikuwa la saa tisa, na hiyo ilikuwa saa sita.

Leo nakwenda kumaliza lile shauri la mbuzi, nitaanza kwa kuwaeleza kwa nini nilikimbia. Wakitaka mtu mwingine aketi mahali pangu, nitampa kigoda.

Pampu bado haijawashwa. Mvua inanyesha tangu Alhamisi, na kila nyumba imekinga beseni chini ya bati.

Baba yako,
Nduwayezu