Waya Ndani ya Pazia

Jengo la Pili, ghorofa ya kumi na moja,
Nyumba namba 1104.
14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi ya mlimani? Sisi wazima, isipokuwa macho ya Mama, ambayo sasa yanaona mwanga tu. Hali yako siulizi kwa mazoea ya barua. Naomba unijibu.

Barua yako ya mwisho ililetwa na lori la mahitaji mwezi wa tatu. Tangu hapo lori limeshuka kutoka kituoni kwenu mara mbili bila hata kikaratasi. Nikamdanganya Mama kwamba posta wanazembea. Kisha nikakumbuka kuwa kila alasiri saa kumi wewe huwasomea marubani vipimo vya hali ya hewa redioni. Redio ya marehemu Baba ninayo. Shida ni jengo hili, zege na vyuma vitupu, mawimbi mafupi hayapenyi. Na msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Hairuhusiwi, hataki kuona waya nje hata wa kuanikia soksi.

Basi nikatumia ufundi wangu. Fundi feni wa ghorofa ya chini alinipa waya wa shaba kutoka kwenye feni iliyoungua, mwembamba kama uzi. Nikaushona ndani ya pazia la sebuleni, juu chini, juu chini, kama mita kumi na mbili, ncha nikaibana kwenye redio kwa kibanio cha nguo. Siku mbili sikusikia kitu. Niliitukana redio ya watu, kumbe waya ule umepakwa rangi inayozuia umeme na mimi sikuukwangua nchani! Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Hairuhusiwi naye alipokuja kukagua alilisifu pazia, akaomba nimshonee mkewe kama lile.

Siku ya tatu, saa kumi, lifti ikiwa imetulia maana ikipanda redio hukwaruza, tukakusikia. Mama alilia. Ulisoma joto, ukasoma upepo, ukakohoa kidogo kabla ya kutaja saba, na Mama akakujibu, "Pole, mwanangu." Tangu siku hiyo akawa anachana nywele kabla ya saa kumi, kana kwamba utamwona.

Sasa nikueleze kinachoninyima raha. Mimi ni mshonaji. Vipande viwili vya kitambaa vikikatwa kwa karatasi moja ya kipimo, navijua hata nikifumba macho. Namba zako hubadilika kila siku, lakini kila saba ni ile ile. Kikohozi kifupi, unameza mate, halafu "saba". Siku yenye saba tatu ulikohoa mara tatu, zote sawasawa, kama kanda moja inayorudiwa. Nimesikiliza majuma manane. Mama sikumwambia.

Jumatatu iliyopita nilikwenda ofisi ya hali ya hewa. Karani wa dirishani alinisikiliza vizuri, akaandika kila nilichosema, hata habari ya kikohozi.

"Dada, ndugu yako yupo kazini," akaniambia. "Si unamsikia kila siku?"

Nikamuuliza yeye alimwona lini kwa macho yake. Akafunga daftari, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Kesho yake saa kumi tulikaa kama kawaida. Sauti yako ikasoma joto, kumi na saba. Hakuna kikohozi. Upepo, ishirini na saba. Hakuna. Saba ilikuwa safi, imepunguzwa pembeni kwa mkasi wa mtu anayejua kazi. Na habari ile nilimwambia karani peke yake. Mama, aliyekuwa tayari na pole yake mdomoni, alinigeukia akauliza, "Huyu ni nani?"

Naogopa, mdogo wangu. Mama hakai tena sebuleni saa kumi. Mimi nakaa, kwa sababu nikizima sitakuwa na chochote chako.

Barua hii sitaipeleka posta. Nitampa dereva wa lori mkononi, naye ameapa atakukabidhi wewe mwenyewe. Shemeji yako anakusalimu sana, na wapwa zako wote wawili. Nisalimie mpishi wenu na fundi mitambo, kama wapo.

Mungu akufunike huko, akurudishe kwetu na pumzi yako. Niandikie hata mstari mmoja, kwa mkono wako, kwa huo mwandiko wako mbaya ambao mwalimu alikuwa akikuchapia. Ikija barua iliyopigwa chapa, Mama sitamsomea.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Dada Mkubwa